Kupandisha toleo la WordPress

Kupandisha toleo la WordPress ni kazi ya kubadilisha mafaili ya programu ya blogu kwa yale ya toleo jipya bila kupoteza makala, picha na maoni. WordPress ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Toleo 5.0, lililotoka tarehe 6 Desemba 2018, lilibadilisha kabisa ukurasa wa kuandikia: makala sasa hupangwa kwa vipande vinavyoitwa bloku.

Makala hukaa katika hifadhidata, na picha katika folda ya wp-content, ambazo mafaili mapya hayazigusi. Lakini hifadhidata nayo hurekebishwa ifuate toleo jipya, hivyo kurudi nyuma bila nakala ya zamani ni vigumu. Nakala hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni kubofya tu.

Kwa mwandishi aliyeko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, au Masasi, chini yake upande wa magharibi, anayetumia intaneti ya simu, seva ndiyo inayopakua toleo jipya. Bando lake huliwa na nakala, hasa picha zikiwa nyingi. Anayepakia mafaili mwenyewe yuko hatarini zaidi: mtandao ukikatika katikati, matoleo mawili huchanganyika na blogu huweza kugoma kufunguka. Blogu inayotangaza bei za minada ya korosho ni afadhali ipandishwe kabla ya Oktoba, msimu haujaanza.

Blogu ikikwama kwenye tangazo la matengenezo, hufutwa faili liitwalo .maintenance.