Je, presha ni mawazo tu? Panya wa maabara wanatufundisha nini

Huenda umewahi kusikia: "Presha ni mawazo tu, yakiisha nayo inaisha." Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo. Soma hapa ujue ukweli uko wapi.

Serotonini ni nini?

Ni kemikali inayotengenezwa na mwili wako. Mwaka 1948, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliitambua huko Cleveland, Marekani, walipokuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa ya damu. Nyingi, takriban asilimia 90, iko kwenye utumbo. Kiasi kidogo kiko kwenye ubongo.

Inahusiana vipi na mawazo?

Serotonini ya kwenye ubongo inapochochewa, ubongo hutuma ujumbe hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni ya msongo. Kwa panya homoni hiyo ni kotikosteroni. Kwako wewe ni kotisoli. Ikizidi kwa muda mrefu, inaweza kupandisha presha. Hata hivyo, serotonini si adui: inaweza kubana mshipa au kuulegeza, kutegemea inafanya kazi wapi.

Kwa nini panya?

Mwaka 1963, Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walieleza aina ya panya ambao presha yao hupanda yenyewe wanapokua. Waliwapata kwa kuzalisha wenye presha kwa wenye presha. Panya hao wana chakula na hawakimbii vita, lakini presha hupanda kwa sababu wameirithi.

Hii ina maana gani kwako?

Mawazo huchangia, lakini si chanzo pekee. Urithi, umri, chumvi nyingi na uzito navyo vimo. Kwa hiyo:

- Usiache dawa kwa sababu moyo umetulia au kipimo kimeshuka. Mara nyingi kimeshuka kwa sababu ya dawa.
- Pima presha hata kama huumwi. Ikiwa 140/90 au zaidi katika siku tofauti, zungumza na mhudumu wa afya.
- Mwambie pia kama unatumia dawa za huzuni au za usingizi.
- Dawa zikikaribia kuisha, nenda kliniki mapema.

Uso ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu ghafla, ukishindwa kuongea au kifua kikibana, nenda kituo cha afya mara moja. Usisubiri kesho.