Kitabu Kimoja, Wasomaji Wengi: Jinsi ya Kuazimana Vitabu vya Bure Shuleni

Kwa wazazi, walimu na wanafunzi wote wa makazi ya wakimbizi, Uganda

Vitabu vinavyoletwa shuleni kama msaada ni vya bure. Lakini mara nyingi havitoshi kumpa kila mtoto chake. Karatasi hii inaeleza jinsi wanafunzi wenyewe wanavyoweza kuazimana vitabu hivyo ili asibaki mtoto asiyesoma.

KWA NINI JAMBO HILI NI MUHIMU?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 inasema hivyo hivyo. Lakini kuingia darasani ni mwanzo tu. Mtoto aliyeanza shule Kongo amesoma kwa Kifaransa. Hapa anakuta mitihani ya Kiingereza. Ndiyo maana utaona kijana wa miaka 13 amekaa darasa la pili au la tatu pamoja na wadogo zake. Hakukosa akili, amekosa lugha. Ili apande darasa anahitaji kusoma kila siku, na maneno machache ya ubaoni hayamtoshi.

Baadhi ya shule hufungia vitabu kabatini kwa kuogopa visipotee. Kitabu kilichofungiwa hakipotei, lakini pia hakimfundishi mtu.

UTARATIBU WA KUAZIMANA

Tuseme darasa lina wanafunzi 90 na vitabu 30 tofauti vya hadithi. Vikigawiwa kimoja kimoja, watoto 30 watapata na 60 watakosa. Fanyeni hivi:

1. Gaweni darasa katika vikundi 30 vya watoto watatu watatu wanaokaa jirani.

2. Siku ya Ijumaa kila kikundi kichukue kitabu kimoja. Kila mtoto akae nacho siku mbili, kisha ampe mwenzake.

3. Ijumaa inayofuata vitabu virudi darasani na vikundi vibadilishane. Baada ya wiki 10, kila mtoto atakuwa amesoma vitabu 10.

4. Chagueni wanafunzi wawili, msichana na mvulana, wawe watunza vitabu. Waandike katika daftari namba ya kitabu, majina ya kikundi, siku kilipotoka na siku kiliporudi. Mwalimu akague daftari hilo kila wiki.

Vitabu vya masomo, kama hesabu na Kiingereza, vitumike darasani. Watoto watatu wakikaa na kitabu kimoja, kiwekwe katikati, na anayekaa katikati abadilishwe kila siku. Asiwe mmoja anayekishika kila mara na wengine wakichungulia pembeni.

KUSOMESHANA

Kumpa mwenzako kitabu asichoweza kukisoma si msaada mkubwa. Katika kila kikundi awepo mmoja anayesoma vizuri kidogo. Asome ukurasa kwa sauti, wenzake waurudie, kisha wote waelezane maana kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Anayeeleza naye hufaidika, maana huwezi kumweleza mtu jambo usilolielewa. Ni marufuku kumcheka anayekosea.

VITABU VINAVYORUHUSIWA KUNAKILIWA

Si kila kitabu cha bure kinaruhusiwa kunakiliwa. Tazameni ukurasa wa mbele, baada ya jalada, ambako ruhusa huandikwa. Hadithi za African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, zimetolewa kwa leseni huru. Zipo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Mnaweza kuzichapisha, kuzinakili kwa mkono na hata kuzitafsiri, mradi muache majina ya waandishi na wachoraji. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kunakili hadithi moja kwenye karatasi safi, kuchora picha na kushona kwa uzi. Hapo darasa la kwanza limepata kitabu kipya.

KUTUNZA VITABU

- Kifunikeni kitabu kwa karatasi ngumu, kwa mfano ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri.
- Mvua ikinyesha, kibebwe ndani ya mfuko wa plastiki.
- Kikilowa, fungueni kurasa taratibu na kukianika kivulini. Msikikaushe kwa moto.
- Ukurasa uliochanika ubandikwe kwa gundi nyepesi ya unga wa muhogo.

WAJIBU WA WAZAZI

Mpe mtoto nusu saa ya kusoma kabla giza halijaingia. Angalia hasa watoto wa kike. Wengi wakitoka shule huenda kuteka maji, kutafuta kuni na kulea wadogo zao, na zamu yao ya kitabu hupita bila kukifungua. Gawa kazi hizo kati ya wasichana na wavulana. Kama nyumbani kuna mtoto asiyekwenda shule, naye akae karibu asikilize.

Usiuze kitabu cha shule, wala usikichane kufungia karanga. Ukikiona sokoni, mjulishe mwalimu mkuu.

KITABU KIKIPOTEA

Kikundi kimweleze mwalimu siku hiyo hiyo. Mtoto asipigwe, asitozwe fedha, wala asifukuzwe shule. Mzazi anayeogopa faini atamkataza mtoto wake kuchukua kitabu, na wa kwanza kukosa atakuwa mtoto wa nyumba maskini. Mwalimu na kamati ya shule watafute kilipopotelea, waandike katika daftari, na kazi iendelee.

Mwenye swali amwone mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani yako.