MTOTO MCHANGA AKILALA YUKO KAZINI



Katika kambi zetu husemwa mara nyingi kwamba mtoto mchanga hana kazi ila kunyonya na kulala. Sisi wa zamu za usiku twaijua thamani ya usingizi kwa kuukosa. Lakini usingizi wa mtoto si mapumziko tu. Yeye akilala, ubongo wake unajifunza.

Mtoto mchanga hulala kama saa 16 kwa siku, vipande vipande. Karibu nusu ya usingizi huo si mzito: macho huchezacheza chini ya kope, uso hukunjamana, na mara nyingine hutabasamu.

Mwaka 2010 wataalamu, akiwemo William Fifer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walichukua watoto 26 wenye umri wa siku moja au mbili, wakiwa wamelala. Waliwapigia sauti fupi, na papo hapo wakawapulizia hewa kidogo juu ya kope. Mtoto akipulizwa hivyo hukaza kope hata usingizini. Wakarudia kwa muda wa dakika 20 hivi. Kisha wakapiga ile sauti peke yake, bila hewa. Watoto 24 kati ya wale 26 walikaza kope. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba sauti ikilia, hewa inafuata. Na walijua hayo bila kuamka.

Tena usingizi hutunza yale mtoto aliyoyaona akiwa macho. Mwaka 2015 wataalamu wa Ujerumani na Uingereza walieleza habari za watoto wa miezi 6 na 12 walioonyeshwa mchezo wa mwanasesere. Waliolala angalau nusu saa katika saa nne zilizofuata waliukumbuka; wasiolala hivyo hawakuukumbuka.

Isieleweke kwamba tuweke redio kando ya kitanda ili mtoto asome. La. Kelele humwamsha tu. Mlaze chali, mahali palipo sawa na pasipobonyea, uso usifunikwe. Akiamka, zungumza naye. Na baba aliyetoka zamu asiseme hiyo ni kazi ya mama.

Sasa, jambo hili lahusu nini chama? Lahusu sana. Mama akirudishwa kazini mapema, mtoto hulala juani mwisho wa mstari wa chai, au karibu na ngurumo za mashine, akishtuka kila mara. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na mama apewe nafasi ya kunyonyesha wakati wa kazi. Lakini nafasi hiyo yafaa nini ikiwa mtoto yuko maili tatu kutoka shambani?

Kwa hiyo tunadai chumba cha watoto karibu na kazi: chenye kivuli, hewa safi, utulivu na mlezi anayelipwa. Mwajiri akisema, "Watoto hawa wanalala tu, chumba cha nini?" tumjibu kwamba ndiyo sababu yenyewe. Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wa kila tawi, na akina mama wawe wa kwanza kusema.