Kuvitafuta Vipindi Vilivyosahauliwa

Miongoni mwa mambo ambayo wanadamu huyakusanya kwa mapenzi, kama vile sarafu za tawala zilizopita, stempu za posta na picha za jamaa waliotangulia mbele ya haki, limezuka katika zama zetu moja ambalo aghalabu halipewi taadhima linayostahili, nalo ni kuvitafuta vipindi vya kale vya televisheni: maigizo, vichekesho na tamthilia zilizowakusanya majirani sebuleni mwa mtu mmoja mwenye seti, zikawachekesha na kuwaliza, kisha zikatoweka hewani bila kuaga. Mpenzi wa vipindi hivyo hatosheki na kuvikumbuka. Hutaka kuviona tena kwa macho yake, na kwa ajili ya hilo huandika majina, huwauliza waliomtangulia kwa umri, hupekua masanduku ya bati na makabati ya mafundi redio, na akipata mkanda usio na lebo hufurahi kama mchimbaji aliyeona chembe ikimeta katika karai.

Kwa Tanzania Bara historia ya chombo hiki ni fupi. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, na Zanzibar ikapata ya rangi mapema katika miaka ya 1970, ilhali upande wa Bara serikali iliihesabu runinga kuwa anasa isiyolingana na hali ya wakulima, umma ukaendelea kulelewa na Redio Tanzania hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya binafsi vya CTN, DTV na ITV. Televisheni ya Taifa ikafuata karibu na mwaka 2000. Kwa hiyo wengi miongoni mwa walioandika, walioigiza na waliopiga picha maigizo yetu ya mwanzo bado wapo miongoni mwetu, na anayetaka kuwauliza anao wasaa, ijapokuwa wasaa huo haurefuki. Wenzetu wa Kenya wamekwisha kuonja hasara hiyo: Benson Wanjau, ambaye Afrika Mashariki ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, alifariki mwezi Julai 2015, na mengi ambayo yeye peke yake angeweza kuyasimulia hayaulizwi tena.

Yamkini msomaji atashangaa ya kuwa kipindi kilichotazamwa na maelfu ya watu chaweza kupotea kabisa. Sababu yake ni ya kimaskini mno: mkanda ulikuwa ghali, nafasi ya kuuweka ilikuwa ndogo, na kipindi kilichokwisha kurushwa kilidhaniwa kuwa kimemaliza kazi yake, hivyo mkanda uleule ukatiwa tena mashineni na kipya kikarekodiwa juu ya cha zamani. Wala si maskini peke yao waliofanya hivyo. BBC ya Uingereza, kwa utajiri wake wote, ilifuta na kuteketeza vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwamo vya hadithi yake mashuhuri iitwayo Doctor Who, na hadi leo zaidi ya vipindi tisini vya hadithi hiyo havijulikani viliko. Lakini nakala zake za filamu za milimita 16 zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nchi za mbali, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba Mwingereza mmoja, Philip Morris, ambaye kazi yake ni kuyafuatia masalia ya namna hii, amevipata vipindi tisa katika kituo cha televisheni cha mji wa Jos, nchini Nigeria. Huko London vilikozaliwa havikuwapo.

Habari hiyo ya Jos naiona kuwa ni fundisho kubwa kuliko yote katika uwindaji huu, na wapenzi wa kwetu bado hawajalizingatia inavyopasa. Kipindi aghalabu hupona mbali na kwao. Mkazi wa Dar es Salaam, aliyelipata igizo kila juma kwa antena ya juu ya paa, hakuwa na haja ya kulihifadhi. Aliyekuwa na haja hiyo ni yule aliyeishi mahali ambapo mawimbi hayakufika, au yalifika yakiwa chenga tupu, akamsihi ndugu yake aliyeko mjini amrekodie na kumpelekea mkanda kwa basi. Basi tukivitafuta vipindi vyetu vya kale, tusiishie milangoni mwa studio za pwani. Tuje huku bara, tuulize Kahama, Masumbwe, Runzewe na Katoro.

Hapa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, mji ulioko katika barabara kuu itokayo Isaka kuelekea Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hali ilikuwa hivyo hasa. Kabla nguzo za umeme hazijaenea, televisheni ya chogo iliwashwa kwa jenereta au kwa betri ya gari, na banda la video, ambalo watu kwa mapenzi na kwa masikitiko waliliita kibanda umiza kwa sababu ya joto na msongamano wake, lilikuwa ndilo jumba la sinema la mchimbaji. Dhahabu iliwaleta watu kutoka kila upande, na kila aliyekuja alikuja na mzigo wake. Ndani ya mizigo hiyo zilikuwamo deki na kanda: filamu za kigeni zilizotafsiriwa kwa sauti ya Lufufu au King Rich, mafundi wa kusimulia ambao watazamaji wengine waliwapenda kuliko waigizaji wenyewe, na kando yake maigizo ya Kiswahili yaliyonaswa na mtu nyumbani, matangazo ya biashara yakiwa yamebaki katikati yake. Hizo za mwisho ndizo hazina. Filamu ya kigeni ina nakala nyingine duniani; igizo la jioni moja la ITV huenda halina.

Siwezi kupita hapa bila kuitaja Isidingo, ijapokuwa si yetu. Tamthilia hii ya Afrika Kusini, iliyoanza kwao mwaka 1998 na kukoma mwaka 2020, ilirushwa hapa na ITV na kupendwa sana, na mandhari yake ilikuwa mji wa kubuni wa machimbo ya dhahabu. Wakati huohuo migodi mikubwa ya ukanda wetu ilikuwa ikifunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na mtazamaji wa huku alikuwa akiyaona katika kioo mambo ya wenye mgodi na wafanyakazi wake, fitina zao na ndoa zao, hali milio ya baruti za machimbo aliijua bila kufundishwa. Mtu akiutafuta leo mkanda wa Isidingo uliorekodiwa katika nyumba ya mkoa huu, anatafuta kipande cha historia ya mkoa huu pia.

Tuje sasa kwenye mkanda wenyewe, kwa kuwa wengi huuharibu kwa furaha ya kuupata. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Joto na unyevu huidhoofisha gundi, na mkanda uliolala sandukuni masika mengi huota ukungu mweupe pembezoni mwa utepe, ambao huonekana vema ukiuelekeza mkanda kwenye mwanga na kuchungulia katika vidirisha vyake viwili. Ukiuona ukungu huo, usiutie katika deki. Hedi za deki huzunguka mara 25 kwa kila sekunde, na vumbi la ukungu likizifikia, huziba hedi, huchubua utepe, na huambukiza kila mkanda utakaofuata. Fundi mwangalifu huzifungua skrubu tano za chini, huufuta utepe polepole kwa kitambaa laini na spiriti, kisha huuhamishia katika ganda safi. Jambo jingine la kutazama ni mgongo wa kaseti, upande wa kushoto, palipo na kijipande kidogo cha plastiki. Kikiwa kimevunjwa, mwenyewe alikusudia mkanda usirekodiwe tena, na mkanda ambao mtu aliukinga hivyo haukosi kuwa na jambo alilolipenda. Na kikiwa kimevunjwa kisha tundu likazibwa kwa karatasi ya gundi, fahamu ya kuwa nia ilibadilika, na pengine harusi ya mtu imelala juu ya igizo ulilolitafuta.

Baada ya picha kutokea, huja kazi ya kujua ni ya lini, na humo mna ladha ya pekee. Yale matangazo ambayo kila mtu aliyachukia siku ile sasa ndiyo shahidi mwadilifu. Tangazo la simu la Celtel laonyesha kwamba mkanda ulirekodiwa kati ya mwaka 2001 na 2008. Likiwa la Zain, jina lililofuata la kampuni ileile, ni kati ya 2008 na 2010. Na likiwa la Airtel, ni baada ya hapo. Mkapa akionekana katika taarifa ya habari kuwa ndiye Rais, haujavuka mwaka 2005. Majina nayo yataka uangalifu: kundi la vichekesho la Ze Comedy lilipohama kituo cha EATV na kwenda TBC, televisheni ya Taifa, lilianza kujulikana kama Orijino Komedi, na mtafutaji aliyeshika jina moja tu hupata nusu ya kazi yao. Kisha nakala ya kidijitali ifanywe, iwekwe katika sehemu zaidi ya moja, na mkanda wa asili usitupwe. Tena wenye haki, yaani kundi na kituo, waambiwe kilichopatikana, maana kukiokoa kipindi hakumpi mtu ruhusa ya kukiuza.

Kwa upande wangu, ninapofika kwa fundi au kwa mzee aliyepata kuendesha banda la video, huulizia kwanza maigizo ya kundi la Kaole Sanaa Group. Mmoja wa waigizaji wake, Steven Kanumba, alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akajiunga na Kaole mwaka 2002, na kabla ya kuwa nyota wa filamu aliyeliliwa na nchi nzima alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, aliigiza katika maigizo ya televisheni kama Jahazi na Dira, akiwa kijana asiyejulikana bado. Mwenye mkanda wa miaka ile, hata kama lebo yake imefutika, hata kama una ukungu, na auweke wima mahali pakavu, mbali na spika, na asiurudishe nyuma wala kuucheza kabla fundi hajaufungua.