Toeni Vyote Nje Kabla ya Mvua

Sehemu za Dodoma na jirani zake, mavuno yakiisha kuingia ghalani, mvua haziji tena mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Basi miezi hiyo mikavu ndiyo ya kuifanya nyumba upya. Mkichelewa mpaka mvua zianze, udongo wa kusiriba haukauki, nanyi mtakuwa shambani toka alfajiri.

Watu wengi wakisema wamesafisha nyumba, wamefagia katikati tu. Chini ya kitanda hawakugusa. Huko ndiko liliko gunia lililotoboka, ngozi kuukuu, kiti kisicho na mguu, debe lililoliwa na kutu, na viatu vya babu aliyefariki zamani. Ukiuliza, waambiwa, “Acha, kitafaa siku moja.” Je, ndugu msomaji, ni vingapi vimewahi kufaa?

Anayefaidi vitu hivyo ni papasi. Mdudu huyu hushinda mchana kutwa katika nyufa za sakafu na kuta, na chini ya vitu visivyosogezwa. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala, kisha hurudi ufani. Aliyeumwa mara nyingi hana habari. Tena aweza kuishi miaka kadhaa pasipo kula, kwa hiyo msidhani kwamba chumba kilichofungwa muda mrefu ni salama.

Homa ya papasi hupanda siku chache, hushuka, mgonjwa husema amepona, na baada ya wiki hivi humrudia. Wengi huidhania malaria. Mwaka 1905, huko Kongo, madaktari Joseph Dutton na John Todd walionyesha kwamba papasi ndiye anayeieneza. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo hiyo, akafa Kasongo mwaka ule ule. Naye Robert Koch, Mjerumani, akichunguza Afrika Mashariki, aliona kwamba vijidudu vya homa hupita hata katika mayai ya papasi. Maana yake, watoto wa papasi waweza kuzaliwa na ugonjwa tayari. Ndiyo sababu kuwaua mmoja mmoja hakutoshi. Tena msiwapasue kwa vidole, kwani maji yao nayo yaweza kuambukiza.

Wanaoumia zaidi ni mama mwenye mimba na mtoto mchanga. Mimba yaweza kuharibika, na mtoto aweza kufa katika siku zake za kwanza. Kama nyumbani mwako yumo mama mjamzito, kazi hii isingoje. Na homa inayorudi ipelekwe hospitali, damu ikapimwe. Dawa zake zipo.

Chagueni basi siku ya jua kali, mtoe vyote nje tangu asubuhi, hata kitanda. Kitu kikishakaa uani mbele ya majirani, mwenyewe huona haya kukirudisha ndani. Kilichooza kichomwe. Makopo yanayoshika maji yafukiwe, maana humo ndimo mbu huzaliana. Kinachofaa lakini hakitumiki apewe mwenye shida, ila kwanza kikung’utwe, na nguo zichemshwe, tusimpelekee mtu papasi kwa jina la zawadi.

Nanyi akina baba, msiwaachie wake zenu kazi yote, maana takataka nyingi ni zenu. Nimepata kuona chumba chenye baiskeli tatu, hata moja haiendi.

Neno moja kwa ajili ya kazi yangu ya kuandika vitabu vya parokia: kabla ya kuwasha moto, pekueni makaratasi. Vyeti vya ubatizo na vya ndoa na kadi za kliniki viwekwe katika mkebe wenye kifuniko.

Nyumba ikiwa tupu, zibeni kila ufa kwa udongo laini, kisha sakafu isiribwe yote. Mwenye uwezo na aweke saruji. Huko Mvumi, katika miaka ya 1990, nyumba zenye papasi zilipulizwa dawa, na ugonjwa ukapungua kwa watoto wa chini ya miaka 5. Lakini dawa ya pamba msiipulize ndani. Mwulizeni kwanza bwana afya.

Vitu virudi jioni, udongo ukiwa umekauka, na kitanda kisigusane na ukuta.