Upinde wa Kwanza na Mpiga Mshale wa Dumila

Dumila ni mji wa njiapanda, pale barabara kuu ya Morogoro na Dodoma inapotoa tawi liendalo Rudewa na Kilosa, na msafiri ashukaye hapo kununua vitunguu na nyanya hukutana na watu wa asili mbalimbali ambao, kila kundi kwa njia yake, wameujua upinde tangu zamani. Mmaasai na Mparakuyo wa uwanda wa Mkata wana upinde mdogo na mshale wenye kizuizi karibu na ncha, wa kutobolea mshipa wa shingo ya ng'ombe na kukinga damu pasipo kumwua mnyama. Na Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake hana haja ya kusimuliwa habari za Sungusungu, ulinzi wa wanavijiji ulioanza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao silaha yake mashuhuri ilikuwa upinde na mshale.

Raghba ninayotaka kuizungumza leo ni nyingine, nayo ni ya kupiga mshale kwa mchezo: mtu kusimama mbele ya shabaha ya karatasi na kujipima nafsi yake, kwa upinde usio na magurudumu wala kilengeo, jicho na mkono vikiwa ndivyo vyombo vyake vyote. Upinde upendwao zaidi kwa mchezo huu ni ule ambao ncha zake mbili, usipokuwa na upote, hupindika kwenda mbele, mbali na kifua cha mpigaji. Mpindo huo huuwezesha upinde mfupi kuhifadhi nguvu ambayo upinde ulionyooka ungehitaji urefu mwingi zaidi ili kuipata, na ndiyo sababu wapanda farasi wa Asia na Waturuki waliutengeneza kwa pembe, mti na kano za wanyama zilizounganishwa kwa gundi. Wa leo hufanywa kwa mti na nyuzi za kioo. Shehzana Anwar wa Kenya, aliyebeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, alishindana huko kwa upinde wa ukoo huu huu, ijapokuwa ule wa Olimpiki huongezewa kilengeo na fimbo za kuutuliza.

Anunuaye upinde kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza kwanza habari za nguvu: una ratili ngapi? Na aambiwapo kuwa upo wa 25 na upo wa 50, fahari humshawishi kutwaa wa 50, hasa akiwa kijana aliyezoea kubeba magunia ya mpunga huko Magole, ambaye haoni kwa nini mtu wa misuli kama yake apewe kitu cha watoto. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Misuli ivutayo upote ni ile ya mgongoni, baina ya mabapa ya mabega, ambayo kazi ya shamba haiizoezi kwa namna hiyo. Na upinde ukimzidi mtu, bega hupanda, kiuno hurudi nyuma, vidole huachia upote kabla haujafika shavuni, na mwili hujifunza makosa ambayo kuyafuta baadaye ni kazi ngumu kuliko kujifunza upya. Licha ya hayo, kano za bega huweza kuumia, na bega lililoumia halina haraka ya kupona.

Najua nitajibiwa kwamba wazee wetu hawakuvuta pinde laini. Ni kweli, na tena ni kweli ya kutujaza fahari: Waliangulu wa nyika ya Tsavo, wawindaji wa ndovu, walisifika kwa pinde za ratili 100 na zaidi, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hadi leo hupiga kwa pinde ambazo mgeni mwenye nguvu zake hushindwa kuzivuta hadi mwisho. Lakini mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka kama mitatu, upinde mdogo unaolingana na mkono wake, kisha kila akuapo hupata mkubwa zaidi, hata afikapo utu uzima nguvu ile imekwisha kuwa tabia ya mwili wake. Mtu mzima aanzaye leo hana budi kupita njia hiyo hiyo, ila yeye ataipita upesi zaidi. Ratili 20 au 25 zamtosha mwanamume. Mwanamke na kijana aliyebalehe waanze na 18 au 20. Mtoto apewe 10 hadi 15. Kipimo cha insafu ni hiki: avute hadi shavuni, ashike hapo kwa kuhesabu kumi polepole, na mkono usitetemeke. Ukitetemeka, upinde ule si wake bado.

Kabla ya hizo ratili, hata hivyo, kuna urefu wa mvuto. Asimame wima, anyooshe mikono yote miwili pembeni usawa wa mabega, mwenzake ampime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, kisha inchi hizo zigawanywe kwa mbili na nusu. Mwenye inchi 70 hupata 28, mwenye 65 hupata 26. Hesabu hii si ya anasa, kwani ratili zilizoandikwa kwenye upinde hupimwa kwa kawaida upote ukiwa umevutwa inchi 28. Kila inchi ikipungua hupungua ratili kama mbili, na kila inchi ikizidi huongezeka kadiri hiyo au zaidi, hata upinde ulioandikwa 25 ukawa wa 21 tu mikononi mwa mtu wa inchi 26. Urefu wa upinde wenyewe nao hufuata mvuto: inchi 62 au 64 kwa mvuto usiofika 26, inchi 66 kwa mvuto wa 26 hadi 28, na 68 au 70 kwa mtu mrefu zaidi. Upinde mfupi kupita kiasi hubana vidole na huwa mzito ghafla mwisho wa mvuto. Mwenye shaka baina ya mbili na atwae mrefu, kwa kuwa katika huo kosa dogo la mkono haliupeleki mshale mbali na shabaha.

Ununuliwe ule wa mapande matatu, yaani mpini wa katikati na mabawa mawili yafungwayo kwa skrubu, maana nguvu za mtu zikiongezeka atabadili mabawa tu na mpini utabaki ule ule. Tena hubebeka mkobani ndani ya basi. Mkono wa kuushika huamuliwa na jicho kuliko mazoea: fanya tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja, jicho linalobaki likikiona kitu kile ndilo litawalalo, na mwenye jicho la kulia hushika upinde kwa mkono wa kushoto. Upinde uliokwisha kutumika utazamwe kwa hadhari ukiwa na upote: upote upite katikati ya mabawa yote mawili, vinginevyo bawa limejipinda. Ukiwa wa zamani utiwe upote wa dakroni unaonyumbuka kidogo, kwani nyuzi mpya zisizonyumbuka huweza kupasua ncha zake. Wala usiachwe ndani ya gari kwenye jua la Mkata, ambako gundi hulainika na mabawa huachana.

Mishale ndiyo ipuuzwayo kuliko vyote, nami naona ndiyo nusu ya upinde. Upote uachiwapo, mshale hauendi umenyooka. Hupinda na kujinyoosha mara kadhaa ukiuzunguka mpini, na ugumu wake sharti ulingane na nguvu ya upinde. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mshale mgumu kupita kiasi huelekea kushoto, na uliolegea huelekea kulia, naye masikini hudhani kosa ni la jicho lake. Mshale uwe mrefu kidogo kuliko mvuto wake, uwe na manyoya halisi ya ndege, kwani plastiki hujikwaa kwenye mpini, na usiwe mwepesi mno, maana nguvu isiyochukuliwa na mshale hubaki katika mabawa na kuyapasua. Kwa sababu hiyo hiyo upinde hauachiwi mtupu kamwe, hata kwa mzaha.

Kwa watu wa Kilosa nina neno la ziada. Katika wilaya hii, kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilipoteza watu 38 mwezi Desemba 2000 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na silaha ionekanayo njiani huamsha hofu ambayo haijasahaulika. Upinde uchukuliwe umefunguliwa, ndani ya mkoba. Mwenyekiti wa kijiji aarifiwe mapema. Uwanja uchaguliwe wenye ukingo wa ardhi au kichuguu nyuma ya magunia ya shabaha, mbali na mapito ya watu na ng'ombe. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, i jirani, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda pasipo kibali. Upinde wa mchezo ubaki wa mchezo.

Basi, msomaji, fedha zikikupungukia, nunua mpini usio na nakshi, lakini usipunguze mishale sita iliyolingana, kamba ya kuutilia upote, ngozi ya kigasha na ngozi ya vidole. Mabawa ya ratili 30 yaagize mwakani.