Chafya za Wakati wa Mahindi Kuchanua

Pande za Kitale na Bungoma, mahindi yapandwayo Machi na Aprili hutoa mbelewele yapata Juni na Julai. Ndipo watu wengine hupiga chafya mfululizo, macho yakawawasha na pua zikatiririka maji, bila homa. Haya si mafua ya kuambukizana; ni mwili kukataa chavua, yaani vumbi la maua, hasa lile la nyasi, lipeperushwalo na upepo.

Wengi husifu asali. Kweli asali hulainisha koo, na chai ya tangawizi huburudisha; lakini haviondoi ugonjwa. Nyuki huchukua zaidi vumbi la maua wayatembeleayo, wala si lile la nyasi liletalo taabu. Tena mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe asali kamwe, kwani yaweza kuwa na vijidudu viletavyo sumu tumboni mwake.

Lifaalo zaidi ni kunawa uso utokapo shambani, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Lakini mtu akibanwa kifua na kutoa mlio apumuapo, huenda ni pumu. Asingojee chai, aende hospitali upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.